Chumba Ndani ya Chumba



Ndugu wasomaji, kwa miaka mingi nimekuwa mpokeaji wa jarida hili, na kila nililosoma nimefaidika nalo, wala sikupata kujitokeza kuandika. Leo nimeshika kalamu kwa sababu moja. Mwezi uliopita nilimzuru kijana wetu mmoja aliyeanzisha biashara ya kupeleka mizigo Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam. Alinitembeza katika ghala lake, kisha akanikaribisha kwa fahari katika ofisi aliyoijenga kwa mikono yake ndani ya ghala hilo. Ilikuwa ofisi safi, yenye zulia na joto zuri. Alipoufunga mlango nyuma yetu moyo wangu ukaanza kwenda mbio. Nikamwomba aufungue tena.

"Ami, utaingiza baridi," akaniambia.

Nikamjibu kwamba baridi naivumilia. Kisha nikamsimulia haya ninayotaka kuwasimulieni nyinyi, kwa kuwa najua hayuko peke yake.

Mwaka 2001 mimi na mwenzangu tulikodi ghala katika mtaa wa viwanda mjini Leicester. Kazi yetu ilikuwa kukusanya mizigo ya jamaa zetu: mapipa, magodoro, friji, baiskeli, maboksi ya nguo na vyombo vya harusi, na kuipakia katika kontena la futi 40 kila ilipotimia. Anayejua maghala ya nchi hii anajua baridi yake. Paa ni bati, sakafu ni saruji, na upepo wa Desemba hupenya chini ya lango bila kubisha hodi. Basi tukajijengea ofisi katika kona ya nyuma: kiunzi cha mbao, kuta za bodi za jasi, dari ya chini ili joto lisipotee, na mlango mmoja unaofungukia ghalani. Dirisha hatukuliweka. Tuliulizana, litatazama nini? Litatazama mapipa.

Karibu na ofisi hiyo palikuwa na mlango mdogo wa kutokea nje. Huo tuliufunga kwa kufuli. Miezi miwili kabla, wezi walikuwa wameingia usiku wakachukua televisheni mbili za watu, na hakuna fedheha kama kumwambia mama aliyejinyima mwaka mzima kwamba mzigo wake umeibwa mikononi mwako. Tukatia kufuli, tukapanga na mapipa mbele ya mlango safu mbili. Tangu siku hiyo nililala usingizi mzuri, nikidhani nimeihifadhi amana.

Ramadhani ya mwaka huo iliangukia Novemba na Desemba. Jua la Leicester katika siku hizo huzama karibu na saa kumi alasiri, hivyo wakati wa kufuturu ulikuwa ukitukuta kazini. Siku ninayoitaja tulikuwa watu saba: mimi, mwenzangu, vijana wawili waliokuwa wakitusaidia kupakia, dereva, mzee mmoja wa Lamu aliyekuja kufunga pipa lake kwa mkono wake, na mwanangu wa miaka 9 niliyempitia shuleni. Vijana walikuwa wakifanya kazi kando ya hita ya gesi, ile yenye magurudumu na mtungi mgongoni. Wakati wa Maghribi ulipoingia waliiacha ikiwaka, wakaja mbio kufuturu. Hatua mbili tu kutoka kwenye hita hiyo palikuwa na magodoro ya sponji yaliyofungwa kwa nailoni.

Tukafunga mlango kwa sababu ya baridi. Tukafungua saumu kwa tende na maji, tukaswali jamaa, kisha tukakaa kwa uji, sambusa na kaimati zilizotoka nyumbani kwangu. Mazungumzo yakanoga. Ndipo nilipokumbuka kwamba chupa ya chai nimeiacha garini, nikamtuma mwanangu. Akafungua mlango, akasimama kizingitini, kisha akageuka na kuniambia kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Baba, humu ghalani mna ukungu."

Moshi ulikuwa umejaa nusu ya juu ya ghala lote na ukiendelea kushuka, sawasawa kama dari jeusi linaloteremshwa kwa kamba. Moto wenyewe ulikuwa bado mdogo, haukuzidi kimo cha mtoto yule. Lakini ulikuwa baina yetu na lango kubwa. Nikakimbilia mlango mdogo, nikakutana na mapipa yangu mwenyewe. Hata kama tungeyaondoa, ufunguo wa kufuli ulikuwa katika koti langu, na koti langu lilikuwa ndani ya gari.

Dereva akapiga kelele tulale chini. Tukatambaa kwa kuufuata ukuta, mzee wa Lamu tukimvuta kwa mikono, mwanangu ameshika pindo la shati langu. Mwenzangu akatangulia hadi kwenye lango kubwa, lile la chuma linalojikunja kwa umeme, akakibonyeza kitufe. Likaanza kupanda polepole kama lilivyozoea. Lilipofika kimo cha goti tukapita chini yake mmoja mmoja. Baadaye tulionyeshwa kwamba waya wa umeme wa lango hilo ulipita ukutani juu ya magodoro yale yale yaliyokuwa yakiwaka, nao ulikutwa umeyeyuka. Ungeyeyuka dakika chache kabla, leo jarida lenu lisingekuwa na makala haya.

Tulipokuwa nje nilihesabu watu, nikapata sita. Nikahesabu tena, sita. Nilitaka kurudi ndani, na mwenzangu akanikamata mabega. Nilikuwa nimesahau kujihesabu mwenyewe, kama yule wa hadithi aliyewahesabu punda wake akamwacha aliyempanda. Watoto hucheka wakisimuliwa hadithi hiyo. Mimi sijaicheka tangu jioni ile.

Zimamoto walifika, moto ukazimwa, na mali tuliyopoteza tuliilipa kwa wenyewe kidogo kidogo kwa muda wa miaka miwili. Hilo si shabaha yangu. Shabaha yangu ni mazungumzo ya siku ya pili, alipokuja ofisa wa zimamoto kukagua. Sikumwona na hasira. Alichukua karatasi, akachora mraba mkubwa, na ndani yake, pembeni, akachora mraba mdogo. Akaweka nukta katika mraba mkubwa, akaniuliza, "Moto ukiwa hapa, nyinyi mlioko humu ndani mtajuaje?" Nikanyamaza. Akauliza tena, "Na mkishajua, mtapita wapi?" Nikaendelea kunyamaza. Majibu yote mawili yalikuwa ni mtoto wa miaka 9 na chupa ya chai.

Ndugu zangu, hapa ndipo penye jambo lenyewe. Ofisi iliyojengwa ndani ya ghala ni chumba ndani ya chumba. Mtu aliyemo hawezi kutoka isipokuwa apite chumba cha nje, na moto ukizuka katika chumba hicho cha nje, yeye ndiye wa mwisho kupata habari na njia yake ndiyo ya kwanza kukatika. Mambo yale yale yanayoifanya ofisi iwe ya raha, yaani kuta nzima, dari ya chini na mlango uliofungwa vizuri, ndiyo yanayomziba macho, pua na masikio. Moshi wa moto hupanda kwanza, hutandaa chini ya bati, kisha hushuka. Kimo cha ghala humpa binadamu dakika kadhaa za kuokoka, lakini dakika hizo ni za anayeuona moshi. Aliyejifungia hupotezewa dakika zake bila kujua kwamba alikuwa nazo. Na sponji ya magodoro na makochi ikiungua hutoa hewa za sumu, miongoni mwake kaboni monoksaidi na sianidi, ambazo humlegeza mtu kabla ya mwali kumfikia. Mwaka 1979 duka moja kubwa la Manchester liliwaka katika sehemu ya samani zenye sponji, na watu 10 wakafa.

Dawa ya kwanza, basi, ni kujua mapema, na ofisa alitupa njia tatu. Ama kuta za ofisi ziishie nusu mita au zaidi chini ya dari, ili moshi uonekane na unukiwe. Ama pawe na kioo kikubwa cha kutosha ukutani au mlangoni, ili aliyekaa ndani aione njia yake yote ya kutokea. Ama viwekwe vitambua moshi ghalani vilivyounganishwa na king'ora kinachosikika ndani ya ofisi. Sisi tulichukua ya pili na ya tatu pamoja. Hata hivyo, kilicho bora kuliko zote ni ofisi kuwa na mlango wake wa kutokea nje moja kwa moja, maana hapo hakiwi tena chumba ndani ya chumba. Anayejenga upya aanze na hilo, aichague kona iliyoshikana na ukuta wa nje.

Dawa ya pili ni njia. Hapa nilimweleza ofisa habari za wezi, nikitaraji atanionea huruma. Akanionyesha kitu ambacho kila mmoja wetu amekiona katika maduka na shule, ila sikuwa nimekitia maanani: fimbo ya chuma inayokatiza mlango kwa ndani. Aliye ndani huisukuma kwa kiuno tu na mlango ukafunguka bila ufunguo, hali aliye nje hana pa kushika. Mwizi anazuiwa na roho zinatoka. Miezi yote ile nilidhani lazima nichague baina ya mali na watu, kumbe fimbo ile moja ilitosha kuvilinda vyote viwili. Tukapaka na mistari ya manjano sakafuni kutoka ofisini hadi mlangoni, na tukaapa kwamba hata boksi la viatu halitawekwa ndani yake. Ama lango la kujikunja kwa umeme, lisihesabiwe kamwe kuwa ni njia ya kuokokea. Sisi lilitutoa kwa rehema ya Mwenyezi Mungu tu.

Dawa ya tatu ni kuchunga chanzo. Hita yenye moto wazi haina mahali katika ghala la magodoro na makaratasi. Mitungi ya gesi ikae nje. Birika na hita ya umeme visichomekwe pamoja katika waya mmoja wa kuongezea, na waya usipitishwe chini ya zulia. Wenye foklifti wajue kwamba betri zake za risasi na asidi zikichajiwa hutoa hidrojeni, hewa inayolipuka, basi zichajiwe penye hewa ya kupita na mbali na mizigo. Na siku hizi kumezuka jambo ambalo mwaka 2001 hatukulijua: baiskeli na pikipiki ndogo za umeme zenye betri za lithiamu. Nimeona zikichajiwa mlangoni kabisa mwa ofisi, usiku kucha. Betri hiyo ikiharibika huwaka ghafla kwa nguvu kubwa, na ikishawaka kuizima ni kazi ngumu. Usiichaji katika njia yako pekee ya kutokea.

Mitungi ya kuzimia moto ni ya lazima, lakini ijulikane. Hapa Uingereza yote ni myekundu, na alama ya rangi ndiyo inayotofautisha: wenye maji ni mwekundu mtupu na ni wa mbao, karatasi na nguo, wenye alama nyeusi ni wa kaboni dayoksaidi na ndio wa vitu vya umeme, rangi ya maziwa ni povu, na buluu ni unga. Maji yasimwagwe penye umeme. Mtungi utundikwe karibu na mlango, ili anayeutumia awe ameupa mgongo mlango na moto uwe mbele yake. Na moto ukishapita ukubwa wa ndoo ya taka, uache, toka, ufunge mlango nyuma yako, upige 999.

La mwisho ni hesabu. Kila anayeingia, hata mzee aliyekuja na pipa moja, aandikwe katika daftari, na mahali pa kukusanyika nje pajulikane na wote. Sitaki mwenzangu mwingine asimame barazani akihesabu watu kama nilivyohesabu mimi.

Kuhusu sheria nitasema kwa ufupi. Uingereza na Wales, tangu tarehe 1 Oktoba 2006, dhima ya usalama wa moto mahali pa kazi imewekwa juu ya mwenye mamlaka ya mahali hapo, wala si juu ya zimamoto. Ni wajibu wake kupima hatari zilizopo na kuzipunguza. Zamani wenye wafanyakazi wasiofika watano hawakulazimika kuandika upimaji huo. Tangu tarehe 1 Oktoba 2023 wote wanatakiwa wauandike kwa ukamilifu, hata mwenye kazi awe na msaidizi mmoja. Walioko Scotland, Marekani, Oman na Ghuba wana sheria zao, basi wawaulize zimamoto wa mahali pao. Lakini maswali mawili ya ofisa yule hayana mpaka wa nchi.

Ipo hoja ambayo nimeisikia misikitini na majumbani, nayo ni kwamba ajali ni kadari na mja hana lake. Kadari tunaiamini. Lakini tumefundishwa pia kisa cha yule bwana aliyemuuliza Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, kama amwache ngamia wake na kutawakali, akaamrishwa amfunge kwanza kisha atawakali. Na imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba nyumba moja ya Madina iliwaka usiku na watu wake wamo, na Mtume alipopewa habari aliwaambia masahaba kuwa moto ni adui yao, na kwamba wauzime wanapokwenda kulala. Aliyekuwa akipokea wahyi alitoa maagizo ya usalama wa moto. Sisi ni nani tuyadharau?

Tena tusidhani kwamba kufuli langu lilikuwa kosa la mtu mmoja mjinga. Tarehe 25 Machi 1911 kiwanda cha nguo kiliwaka New York, wakafa watu 146, wengi wao wasichana wahamiaji, na mlango mmoja wa ghorofa ya tisa ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Miaka 80 baadaye, tarehe 3 Septemba 1991, kiwanda cha kuku katika mji wa Hamlet, North Carolina, kiliwaka na watu 25 wakafa. Huko pia milango ilikuwa imefungwa, na sababu iliyotajwa ilikuwa kuogopa wizi. Nilipoyasoma haya nilitetemeka, kwa sababu nilijiona ndani yake. Wale wenye viwanda hawakuamka asubuhi wakikusudia kuua. Walikuwa wakilinda mali, kama mimi.

Wala neno hili si la wafanyabiashara peke yao. Katika miji mingi ya nchi hii madrasa zetu na kumbi zetu za harusi zimo katika majengo yaliyokuwa maghala au viwanda, na ndani yake tumekatakata vyumba kwa mbao. Jumamosi hii utakapompeleka mwanao chuoni, ingia naye mpaka anapokaa. Simama katika chumba chake, ufunge mlango, ujiulize yale maswali mawili: moto ukiwa nje ya hapa, watoto hawa watajuaje, na watapita wapi? Usipopata jibu, zungumza na maalimu na kamati kwa adabu, na ujitolee kusaidia. Kioo na king'ora si ghali.

Yule kijana niliyemzuru alinisikiliza mpaka mwisho bila kusema neno. Wiki iliyofuata alinipigia simu. "Ami, nimekata ukuta nikatia kioo," akasema, "na mlango wa nyuma nimeuondoa kufuli. Sasa nikikaa mezani naliona ghala langu lote." Nikamwambia na ahakikishe king'ora kinasikika mlango ukiwa umefungwa, maana najua ataufunga, baridi ni baridi.

Mwanangu siku hizi ni mtu mzima mwenye watoto wake. Kila Ramadhani anapokuja kufuturu kwetu, na mtoto wake mmoja akatumwa nje kuleta kitu, mimi na yeye hutazamana, wala hatusemi kitu.

Mwenyezi Mungu atuhifadhi sisi na vizazi vyetu na moto wa dunia na wa akhera, na atujaalie tuwe wenye kuchunga amana. Amin.

Wassalaam.